Dakika Mbili za Mwanzo: Historia ya Masega ya Umeme katika Udhibiti wa Moshi wa Magari, 1970–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya kigeuzi cha moshi kinachopashwa joto kwa umeme, kifaa kilichobuniwa ili kusafisha moshi wa gari katika dakika za mwanzo baada ya injini kuwashwa. Kifaa hiki kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa, lakini hakikuenea. Maelezo yaliyozoeleka huhusisha hali hiyo na udhaifu wa kiufundi au na hila za watengenezaji wa magari. Insha hii inajenga hoja tofauti: kifaa hiki kilizaliwa kutokana na namna moshi ulivyopimwa, kikatumika kama ushahidi kwamba sheria kali inatekelezeka, kisha kikaachwa baada ya ushahidi huo kuwasukuma watengenezaji kutafuta njia nyingine iliyo nafuu. Sehemu ya mwisho inaonesha kwa nini historia hiyo inazihusu nchi za Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Chini ya gari la petroli la kisasa, kwenye bomba la kutolea moshi, kuna kopo la chuma lenye umbo la yai au la mcheduara. Ndani yake mna kipande cha kauri au cha bati jembamba chenye vitundu vingi vilivyopangwa mithili ya sega la nyuki. Mafundi wengi wa Tanzania hukiita kifaa hicho masega, na jina hilo linakisawiri vizuri kuliko majina mengi ya kitaalamu. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando wa alumina uliobeba chembechembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizo ni vichocheo: huharakisha mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kumalizika. Moshi unapopita, kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dioksidi, haidrokaboni ambazo hazikuungua hugeuka kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni hugeuka kuwa naitrojeni.

Masega hayo yana sharti moja. Hayafanyi kazi yakiwa baridi. Mpaka yafikie joto la takribani nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, moshi hupita ndani yake karibu kama ulivyotoka kwenye injini. Katika insha hii joto hilo litaitwa joto la kuamka. Kwa hiyo kila asubuhi, katika kila mji wenye magari, kuna kipindi kifupi ambacho kifaa kipo lakini ni kama hakipo. Masega ya umeme, jina litakalotumika humu kwa kigeuzi kinachopashwa joto kwa umeme, yalibuniwa ili kukiziba kipindi hicho.

Maswali yanayoongoza insha ni matatu. Kwanza, kwa nini tatizo lililojulikana tangu mwanzo lilisubiri takribani miaka ishirini kabla ya kushughulikiwa kwa nguvu? Pili, kwa nini suluhisho lililothibitika kufanya kazi liliachwa? Tatu, kwa nini limerejea mezani katika karne ya 21? Inadaiwa humu kwamba maswali yote matatu hayawezi kujibiwa kwa kukitazama kifaa peke yake. Ni sharti kuitazama pia saa iliyotumika kukipima: ilianza kuhesabu lini, na ilisimama lini.

2.0 Kutoka Ukungu wa Los Angeles hadi Masega ya Kwanza

Katika majira ya joto ya mwaka 1943, wakazi wa Los Angeles walifunikwa na ukungu uliowachoma macho na koo. Kwa kuwa Marekani ilikuwa vitani, baadhi yao walidhani kwamba mji umeshambuliwa kwa gesi. Lawama zilielekezwa kwanza kwenye viwanda. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambapo Arie Haagen-Smit, mwanakemia mwenye asili ya Uholanzi aliyefundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya California, alionesha kuwa haidrokaboni na oksidi za naitrojeni, ambazo sehemu yake kubwa hutoka kwenye magari, huungana chini ya mwanga wa jua na kuzalisha ozoni. Ugunduzi huo ulilihamishia tatizo kutoka kwenye dohani za viwanda hadi kwenye bomba la gari la kila mwananchi.

Wazo la kuutibu moshi kwa kichocheo lilikuwa tayari limeanza kufanyiwa kazi. Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyekuwa amejijengea jina katika usafishaji wa mafuta kwa vichocheo, alianzisha nchini Marekani kampuni ya Oxy-Catalyst na kupata hataza zake katika miaka ya 1950. Kikwazo kilikuwa ndani ya petroli yenyewe. Tangu mwaka 1923 petroli iliuzwa ikiwa imechanganywa na risasi ili kuzuia injini isigonge, na risasi hiyo hiyo huvifunika vichocheo na kuviua. Houdry alifariki mwaka 1962, wakati petroli iliyouzwa vituoni ingali na risasi.

Kilichobadilisha hali hiyo ni sheria. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Richard Nixon alitia saini marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi, yaliyowataka watengenezaji wapunguze kaboni monoksidi na haidrokaboni kwa asilimia 90 katika magari ya mwaka 1975. Hakukuwa na kifaa sokoni chenye uwezo huo. Bunge liliweka lengo kwanza na kuuachia uhandisi kazi ya kutafuta njia. Mwaka 1973 William Ruckelshaus, mkuu wa kwanza wa Wakala wa Hifadhi ya Mazingira, aliwaongezea watengenezaji muda wa mwaka mmoja, lakini aliweka viwango vya mpito ambavyo vililazimisha vichocheo kuanza kutumika. Kuanzia Julai 1974 vituo vikubwa vya mafuta vya Marekani vilitakiwa kuuza petroli isiyo na risasi, na magari mengi ya mwaka 1975 yakatoka kiwandani yakiwa na masega.

Uvumbuzi uliowezesha hatua hiyo ulitoka katika kampuni mbalimbali. Katika kampuni ya Corning, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis walitengeneza sega la kauri lililovumilia mabadiliko makali ya joto bila kupasuka. Katika kampuni ya Engelhard, John Mooney na Carl Keith waliongoza uundaji wa kichocheo kinachotibu gesi zote tatu kwa pamoja. Kichocheo hicho, kikisaidiwa na sensa ya oksijeni kutoka Bosch, kiliingia kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa California kuanzia msimu wa mwaka 1977. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, muundo wa msingi wa kigeuzi tunachokifahamu leo ulikuwa umekamilika.

3.0 Injini Baridi na Saa ya Kupimia

Wahandisi hawakuhitaji kuambiwa kwamba masega baridi hayafanyi kazi. Mwaka 1973, kabla gari la kwanza la aina hiyo halijauzwa, kampuni ya Ford ilipewa nchini Marekani hataza ya kigeuzi ambacho kichocheo chake kilipashwa joto kwa umeme kabla ya kazi. Wazo hilo halikufika sokoni. Jibu la swali la kwanza la insha hii limo katika hesabu rahisi.

Tuchukulie kwamba injini inatoa kipimo kimoja cha haidrokaboni kila dakika, na safari ni ya dakika ishirini. Tuchukulie pia kwamba masega yamelala kwa dakika mbili za mwanzo. Ikiwa masega yaliyoamka yanaruhusu asilimia 20 ya uchafu ipite, dakika mbili za mwanzo zitatoa vipimo 2, na dakika kumi na nane zilizobaki zitatoa vipimo 3.6. Mwanzo wa safari utakuwa umechangia takribani theluthi moja tu ya uchafu wote. Lakini vichocheo vikiboreshwa mpaka vikaruhusu asilimia 2 pekee, dakika mbili za mwanzo zitabaki na vipimo vile vile 2, ilhali dakika kumi na nane zitatoa 0.36. Sasa mwanzo wa safari unabeba asilimia 85 ya uchafu. Uchafu wa mwanzo haukuongezeka hata chembe. Ni sehemu nyingine iliyosafishwa, nao ukabaki peke yake uwanjani. Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri masega yalivyokuwa bora katika miaka ya 1980, ndivyo injini baridi ilivyogeuka kutoka tatizo dogo na kuwa karibu tatizo zima.

Hata hivyo, tatizo huwa tatizo la kisheria pale tu linapopimwa. Kipimo cha shirikisho la Marekani kililiona. Kwa mujibu wa utaratibu wake, gari huachwa likae kwa saa zisizopungua 12 katika chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 30, kisha huwashwa na kuendeshwa juu ya magurudumu ya maabara huku moshi ukikusanywa tangu injini inapowashwa. Sekunde 505 za mwanzo hukusanywa katika mfuko wa peke yake. Baadaye gari huzimwa kwa dakika kumi na kurudia sehemu hiyo likiwa na joto. Katika kukokotoa matokeo, mwanzo wa baridi hupewa uzito wa asilimia 43 na mwanzo wa moto asilimia 57. Kwa hiyo mfuko wa kwanza ulikuwa shahidi asiyeweza kunyamazishwa.

Ulaya ilikuwa na saa nyingine. Maagizo ya mwaka 1991, yanayofahamika kama Euro 1, yaliyafanya masega kuwa ya lazima kwa vitendo katika magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 1992. Lakini utaratibu wake wa kupima uliiacha injini ikiunguruma bila mwendo kwa sekunde 40 kabla ya kuanza kukusanya moshi. Sekunde hizo, ambazo masega ni baridi kuliko wakati wowote mwingine, hazikuhesabiwa. Hali hiyo iliendelea hadi kanuni za Euro 3 zilipoanza kutumika mwaka 2000 na kufuta kipindi hicho cha kusubiri. Gari lile lile, likiwa na injini ile ile na dereva yule yule, lingeweza kuonekana safi zaidi Ulaya kuliko California kwa sababu tu mpimaji mmoja alichelewa kufungua mfuko wake. Basi si jambo la kushangaza kwamba msukumo wa masega ya umeme ulitoka Marekani, ingawa baadhi ya watengenezaji wake walikuwa Wajerumani na Wajapani.

4.0 Kuzaliwa kwa Masega ya Umeme

Mwishoni mwa miaka ya 1980, maabara ya Wakala wa Hifadhi ya Mazingira iliyoko Ann Arbor, Michigan, ilijaribu sega la metali lililopashwa joto kwa umeme katika gari lililotumia methanoli. Mafuta hayo yalitarajiwa kupunguza ukungu wa mijini, lakini injini yake ilipokuwa baridi ilitoa formaldehaidi kwa wingi. Sega lililotumika lilitoka kampuni ya Camet, iliyokuwa chini ya W. R. Grace. Majaribio hayo yalionesha kwamba kupasha joto mapema kunapunguza sana uchafu wa mwanzo.

Kanuni ya utendaji wake ni ileile ya pasi au jiko la umeme: waya wenye ukinzani ukipitishiwa umeme, hupata joto. Sega la kauri halipitishi umeme, hivyo wabunifu waligeukia metali. Njia moja ilikuwa kukunja bati jembamba la chuma chenye kromiamu na aluminiamu, lenye unene wa takribani sehemu 5 kwa 100 za milimita, na kulizungusha kama mkeka. Njia nyingine, iliyofuatwa na Corning na NGK Insulators ya Japani, ilikuwa kusindika unga wa metali kupitia tundu lenye umbo la sega na kuuchoma hadi ugumu. Emitec ya Ujerumani iliendeleza njia ya bati.

Tarakimu zinaonesha kwa nini kifaa hiki kilivutia na kwa nini kiliogofya. Tuchukue sega lenye uzito wa gramu 300. Kila kilo moja ya chuma cha aina hiyo huhitaji takribani kilojuli 0.5 ili kupanda kwa nyuzi moja. Kulipandisha sega hilo kutoka nyuzi 25 hadi 350 kunahitaji takribani kilojuli 49, nishati ambayo hata betri ya kawaida inaweza kuitoa. Tatizo ni haraka. Ili kazi hiyo ikamilike kwa sekunde 10, inahitajika nguvu ya karibu kilowati 5. Katika gari lenye umeme wa volti 12, hiyo ni sawa na takribani ampea 400, kiasi kinachodai nyaya nene, swichi nzito na betri imara, na mara nyingine betri ya pili. Aidha, injini baridi hulishwa petroli nyingi kuliko hewa, kwa hiyo sega lililoamka lilihitaji pampu ya kulipelekea oksijeni ya ziada.

Mnamo Septemba 1990 Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California ilipitisha mpango wa magari yenye uchafu mdogo. Kiwango cha haidrokaboni kilichowekwa kwa ajili ya mwaka 1993 kilikuwa gramu 0.25 kwa maili. Mpango mpya uliweka ngazi zilizoshuka hadi gramu 0.075, na kwa magari yenye uchafu mdogo kupita kiasi, gramu 0.040, yaani karibu moja ya sita ya kiwango cha awali. Watengenezaji wengi walidai kwamba kiwango hicho hakifikiki kwa petroli. Bodi ilijibu kwa kuonesha magari ya kawaida yaliyofungwa masega ya umeme na kupimwa katika maabara yake. Katika makadirio ya Bodi, kifaa hicho kilikuwa njia kuu ya kuifikia ngazi ya chini.

Hapa ndipo thamani ya kihistoria ya masega ya umeme inapodhihirika. Kabla ya kuwa bidhaa, yalikuwa hoja. Sheria inayodai kisichokuwepo huhitaji angalau mfano mmoja wa kuonesha kwamba kinachodaiwa si ndoto, na mfano huo hauhitaji kuwa rahisi wala wa bei nafuu. Unahitaji kufanya kazi mbele ya mashahidi.

5.0 Kwa Nini Yaliachwa

Mwaka 1995 kampuni ya Alpina ya Buchloe, Ujerumani, ilitoa gari la B12 5.7, lenye injini ya silinda 12 na masega ya umeme yaliyotengenezwa na Emitec. Hilo ndilo linalohesabiwa kuwa gari la kwanza la kuuzwa likiwa na kifaa hicho. Mwishoni mwa muongo huo BMW nayo ilikitumia katika gari lake kubwa la silinda 12. Yalikuwa magari ya matajiri, yenye nafasi ya betri na wanunuzi wasiojali gharama ya ziada. Gari la mwananchi wa kawaida halikufikiwa.

Mwezi Januari mwaka huo huo wa 1995, Honda ilitangaza kwamba imepata injini ya petroli inayokidhi kiwango cha gramu 0.040 bila umeme wa kupasha masega. Ahadi hiyo ilitimia katika gari la Accord la mwaka 1998 lililouzwa California. Mbinu zilizotumiwa na kampuni mbalimbali katika miaka hiyo hazikuwa na maajabu. Masega yalisogezwa karibu na injini ili yapate moshi ukiwa bado na moto mwingi. Kuta za vitundu zilifanywa nyembamba zaidi ili pawe na kitu kidogo cha kupashwa. Paladiamu iliongezwa. Kompyuta ya injini ilifundishwa kuchelewesha cheche kwa makusudi katika sekunde za mwanzo, hivyo sehemu ya moto wa petroli ikatoka na moshi badala ya kusukuma pistoni. Mchanganyiko wa petroli na hewa ulidhibitiwa kwa uangalifu tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, injini yenyewe iligeuzwa kuwa jiko la kupashia masega yake.

Maelezo ya kwanza yaliyozoeleka, kwamba masega ya umeme yalikuwa dhaifu, hayaafikiani na matukio haya. Yaliingia sokoni yakafanya kazi. Maelezo ya pili, kwamba watengenezaji waliyahujumu, nayo hayatoshi. Watengenezaji hawakukwepa kiwango. Walikifikia kwa njia nyingine. Maelezo yanayokubaliana zaidi na ushahidi ni haya: masega ya umeme yaliweka dari ya bei. Kila mhandisi alijua kwamba akishindwa kupata njia nyingine, atalazimika kuweka ampea mia kadhaa, nyaya nene na pampu ya hewa katika kila gari. Hofu ya gharama hiyo ilizipa mbinu ndogondogo thamani ambayo zisingekuwa nayo vinginevyo. Kifaa kilichoshindwa sokoni kilikuwa kimeshinda katika kuihalalisha sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyozaa washindani wake.

Uchambuzi huu unatoa tahadhari ya kimbinu kwa mwanahistoria wa teknolojia. Akihesabu tu vifaa vilivyouzwa, ataandika kwamba masega ya umeme hayakuwa na athari. Akiuliza nini kingetokea yasingekuwepo mwaka 1990, atalazimika kukiri kwamba hoja ya watengenezaji kuwa kiwango hakifikiki ingekuwa nzito zaidi.

6.0 Kurejea kwa Wazo

Mabadiliko mawili yaliyarudisha masega ya umeme katika mjadala. La kwanza ni gari mseto. Katika gari la aina hiyo injini huzimwa mara kwa mara, na masega hupoa katikati ya safari. Katika gari mseto linalochajiwa kwenye plagi, injini inaweza kuwashwa kwa mara ya kwanza gari likiwa tayari katika mwendo kasi barabarani, ikatakiwa kutoa nguvu kubwa mara moja huku masega yakiwa baridi kabisa. Mbinu ya kuchelewesha cheche haina nafasi hapo, kwa kuwa dereva anadai nguvu na si joto. Wakati huohuo, gari hilo lina betri kubwa. Na hata katika gari mseto dogo la volti 48, kilowati 4 huhitaji ampea 83 tu, badala ya ampea zaidi ya 330 katika volti 12. Kikwazo kikuu cha mwaka 1990 kimepungua bila sega lenyewe kubadilika sana.

Badiliko la pili ni la kipimo. Mnamo Septemba 2015 ilifichuliwa kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu iliyotambua kuwa gari linapimwa na kubadili utendaji wake. Ulaya ikaharakisha kipimo cha barabarani, kilichoanza kutumika kwa aina mpya za magari mwezi Septemba 2017, na baadaye mwanzo wa baridi ukaingizwa ndani ya hesabu yake. Katika maandalizi ya Euro 7, masega ya umeme yalitajwa tena miongoni mwa njia za kufikia viwango vikali. Lakini kanuni iliyopitishwa mwaka 2024 ilibakiza viwango vya Euro 6 vya gesi za magari madogo, na msukumo ukapungua. Kisa cha 1990 kilijirudia kwa upande wa pili: kifaa kilikuwepo, ila sheria haikukihitaji.

7.0 Somo kwa Afrika Mashariki

Nchi za Afrika Mashariki zilikutana na historia hii kupitia bandari. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yametumika kwingine, hasa Japani, na yalitengenezwa yakiwa na masega. Kabla ya kuondolewa kwa risasi katika petroli, masega hayo yaliuawa na mafuta. Azimio la Dakar la mwaka 2001 liliweka dhamira ya kuiondoa risasi, na kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa Kusini mwa Sahara. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hizo mbili ziliyatengenezea masega mazingira ya kuishi.

Inaweza kudhaniwa kwamba tatizo la injini baridi ni la nchi za theluji. Hesabu inakataa. Masega yaliyolala usiku kucha Dar es Salaam huanza na nyuzi 25 hivi, nayo yanahitaji kufika 250 au zaidi. Safari yao ni ya nyuzi 225 na kuendelea, ikilinganishwa na nyuzi 250 kwa gari lililolala penye barafu. Tropiki inatupunguzia sehemu moja kwa kumi ya safari hiyo. Ni kweli kwamba injini katika joto huhitaji petroli kidogo zaidi ya kuanzia kuliko katika baridi kali, lakini masega yake hayana budi kuamshwa vilevile.

Hoja nzito zaidi inahusu kipimo. Ukaguzi wa kawaida wa moshi, unaofanywa kwa kuingiza kipimio katika bomba la gari lililofika kituoni kwa kuendeshwa, hupima injini iliyokwisha kupata moto. Unaweza kulibaini gari lililong'olewa masega, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo masega huondolewa kwa kisingizio cha kuziba au kwa ajili ya kuuza metali zake. Hauwezi kubaini kitu chochote kuhusu dakika mbili za mwanzo. Wala haitarajiwi kwamba kila kituo cha ukaguzi kilaze magari kwa saa 12. Kinachowezekana ni kuuliza swali la mwanzo wa baridi mahali pa kuingilia: gari linaloingizwa liliidhinishwa huko lilikotoka kwa kiwango kipi, na saa ya kiwango hicho ilianza kuhesabu lini? Gari la Ulaya lililoidhinishwa mwaka 1999 na lililoidhinishwa mwaka 2001 yanaweza kufanana kwa macho, ilhali moja lilisamehewa sekunde 40 na jingine halikusamehewa. Umri wa gari, ambao ndio kigezo kilichozoeleka katika kanuni za uagizaji, hauisemi tofauti hiyo kikamilifu.

Mwenye kuvuta hewa ya sekunde hizo anajulikana. Magari huamshwa alfajiri katika nyua za nyumba, vituo vya daladala na milango ya shule. Moshi wa injini baridi hautawanyiki barabarani. Hutoka pale pale watu wanapoishi na kusubiri.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba historia ya masega ya umeme haieleweki kwa kuligawa pato la uhandisi katika makundi ya vilivyofaulu na vilivyoshindwa. Tatizo la injini baridi lilichelewa kushughulikiwa kwa sababu lilifunikwa na uchafu mkubwa zaidi. Lilipobaki peke yake, kipimo cha Marekani kililiona na cha Ulaya kikalifumbia macho kwa sekunde 40. Masega ya umeme yalithibitisha kwamba linatatulika, na uthibitisho huo ukawazaa washindani walioyaondoa sokoni. Yamerejea kwa sababu volti zimepanda na kipimo kimetoka maabara kwenda barabarani, na yamesita tena pale sheria iliposita.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba utafiti wa baadaye kuhusu moshi wa magari Afrika Mashariki usianze na swali la kifaa gani kiagizwe. Uanze na taratibu za kupima: zinahesabu nini, na zinaanza kuhesabu lini. Kilicho nje ya kipimo hakina mwenye kukitafutia dawa, hata kama dawa yenyewe imekuwepo kwenye hataza tangu mwaka 1973.